Mjomba, nipande paani mwenyewe?

Shikamoo Mjomba.

Mimi ni msomaji wako wa Ngamiani, Tanga. Nina miaka 36, mke na watoto watatu, na tunaishi na mama katika nyumba aliyotuachia marehemu baba. Ni nyumba zetu hizi za Kiswahili unazozijua: mlango wa mbele, korido inakatisha moja kwa moja hadi uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Korido ina urefu wa mita tisa na upana wa mita moja na nusu, na haina dirisha hata moja. Ukifunga milango yote miwili saa sita mchana, huoni hata viatu vyako. Taa inawaka kutwa, na umeme ukikatika tunapapasa ukuta.

Wiki tatu zilizopita mama aliamka kwenda uani kutawadha kwa ajili ya sala ya alfajiri, akajikwaa kwenye kizingiti kilichopo katikati ya korido. Hakuvunjika, namshukuru Mungu, ila goti limevimba mpaka leo na sasa anaogopa kupita pale peke yake. Tangu siku hiyo sina raha. Nimeamua nifungue paa, niweke bati la plastiki linalopitisha mwanga, mama aone anapokanyaga.

Mimi ni fundi wa simu, mikono yangu inajua kazi. Nimetazama video nyingi. Paa letu ni bati la msauzi geji 30, lilipigwa mwaka 2015, vipande vya futi kumi, viwili kila upande kutoka kwenye kofia, lile bati linalofunika mgongo wa paa, hadi chini. Mgongo wa paa unafuata korido. Nyumba inatazama kaskazini, kwa hiyo maji yanamwagika mashariki na magharibi. Dari ni jipsamu. Nimepanga Jumamosi moja, shemeji anishikie ngazi, nikate kwa grainda tundu la sentimita 60 kwa 60 upande wa magharibi, nifunike kwa kipande cha plastiki, nipige misumari, nizungushe silikoni. Kisha nikate jipsamu chini yake. Kuna ubao mmoja wa kenchi, zile mbao zinazobeba paa, unapita hapo hapo, nitaukata kwa kuwa ni mmoja tu.

Fundi mmoja wa mapaa amenitajia ufundi unaozidi mara mbili bei ya bati lenyewe. Jirani yangu ameweka chupa ya maji kwenye bati la jiko lake na inatoa mwanga bila gharama yoyote, naye anasema nisimlipe mtu. Mke wangu anasema hatanishikia ngazi wala hataruhusu ndugu yake anishikie. Mjomba, niamulie. Nifanye mwenyewe au nimwite fundi?

Mpwa wako, Ngamiani

*

Marahaba mpwa wangu. Mpe mama pole zangu, na kama goti bado limevimba baada ya wiki tatu, mpeleke akaonwe hospitalini kabla hujanunua hata skrubu moja.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kuna mstari mmoja unaobadilisha hesabu yote. Mama alijikwaa akienda kutawadha kwa ajili ya alfajiri. Saa hiyo nje ni giza. Ungekuwa umeng'oa paa lote la korido ukaweka kioo safi kuliko vyote vilivyopo Tanzania, mama angejikwaa vilevile, kwa sababu anga halina mwanga wa kumpa. Dirisha la paa ni kitu kizuri na nitakueleza jinsi ya kulipata, lakini ajali iliyokufanya uandike halitaizuia. Na hofu yangu ni kwamba uchungu wa ajali hiyo ndio unaokusukuma upande ngazi Jumamosi.

Kwa hiyo tutenganishe mambo mawili. La mama, lifanye wiki hii. Nunua taa ndogo za kuchaji zinazowaka zenyewe mtu anapopita, uweke moja karibu na mlango wa chumba chake, nyingine pale kwenye kizingiti, ya tatu mlango wa uani. Ziwe za kuchaji, zisizotegemea umeme wa ukutani, maana umesema umeme unakatika. Zifunge chini, usawa wa goti, zimulike sakafu badala ya macho yake. Kizingiti chenyewe kivunje kama hakizuii maji kuingia. Kama kina kazi, basi kijengee mteremko wa saruji pande zote mbili na ukipake rangi ya njano. Halafu funga ubao wa kushikia ukutani kutoka chumbani kwake hadi uani, usawa wa nyonga yake, ukiushika imara kwa skrubu na plagi za ukutani. Hizo ni kazi za mikono yako kabisa, na ukizimaliza mama ataanza kupita peke yake tena.

Ukishafanya hayo, suala la paa linapoa. Linakuwa suala la mchana, la bili ya umeme na la nyumba kupendeza, na mambo ya namna hiyo yanaweza kusubiri mvua ziishe.

Sasa twende paani. Swali lako ni kama ufanye mwenyewe au umwite fundi. Jibu langu ni kwamba kazi hii ina sehemu mbili, na mpaka wake ni bati. Kila kilicho chini ya bati ni chako. Kilicho juu ya bati mwachie anayepanda mapaa kila wiki. Mkeo yuko sahihi kuhusu ngazi, na wewe uko sahihi kwamba huna haja ya kumlipa mtu kwa kazi yote.

Kabla ya hapo, mpango wenyewe haufai. Asiukubali hata fundi.

Fikiria maji yanavyotembea juu ya bati. Yanatoka kwenye kofia, yanashuka kwa kasi kufuata mifereji. Ukikata tundu katikati na kulalia kipande cha plastiki juu yake, ukingo wa juu wa kipande hicho unayapokea maji usoni. Mvua ya masika ya Tanga ikishuka, maji yanajisukuma chini ya ukingo ule, na kinachoyazuia ni mstari wa silikoni peke yake. Paa linalofanya kazi halitegemei gundi. Linategemea bati la juu kulalia la chini, kuanzia kofia hadi mwisho. Silikoni ni ya kusaidia, haipewi kazi ya kubeba paa.

Na silikoni hiyo itachoka upesi, kwa sababu plastiki na chuma havitanuki sawa. Plastiki ngumu ya polikaboneti, ambayo ndiyo ninayokushauri ununue, hutanuka zaidi ya mara tano kuliko chuma joto likipanda kwa kiwango kilekile. Kipande cha futi kumi, kati ya baridi ya alfajiri na jua la saa nane, kinaweza kurefuka kwa milimita nane hivi, wakati bati lililo kando yake halifikishi milimita mbili. Kila siku kinavuta, kila usiku kinarudi. Ndiyo maana misumari haifai: ukiipigilia, plastiki inapasuka pale pale au miezi michache baadaye kwenye tundu la msumari. Plastiki hutobolewa kwa drili, tundu liwe pana kuliko skrubu kwa milimita tatu au nne, skrubu iwe na washa pana ya mpira, na ikazwe mpaka mpira uguse tu bila kufinyangika.

Grainda nayo iache nyumbani. Inakata haraka lakini inaunguza zinki na rangi kwenye kingo, na cheche zake ni vipande vya chuma cha moto vinavyojipachika kwenye mabati yaliyo kando. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari kama yako, kila doa la cheche linageuka kutu. Unaweza kutengeneza tundu moja ukaharibu mabati matatu.

Njia iliyo sawa ni rahisi kuliko yako, na barua yako ndiyo iliyonipa. Umesema kila upande una vipande viwili vya futi kumi. Basi usikate tundu lolote. Mnatoa bati moja zima la juu, lile linaloanzia kwenye kofia, na mahali pake linaingia bati la mwanga lenye migongo ileile na urefu uleule. Kichwa chake kinaingia chini ya kofia. Mkia wake unalalia bati la chini, angalau sentimita 15. Ubavu mmoja unaingia chini ya bati jirani, wa pili unalala juu ya jirani wa upande mwingine, kama lilivyokuwa limelala lile lililotolewa. Maji hayakutani na ukingo wowote unaoyatazama usoni. Hata silikoni ikifa yote, paa bado linamwaga maji nje.

Lile bati lililotolewa usiliuze skrepa wala usilipeleke kwenye banda la kuku. Liweke juu ya dari. Siku plastiki ikipasuka kwa tawi au jiwe, fundi anarudisha bati lako saa hiyohiyo na nyumba haivuji.

Kuna tahadhari moja kwenye ununuzi. Kila kiwanda kina migongo yake, hata yote yakiitwa msauzi. Chukua kipande cha boksi gumu, kisimamishe kwenye mwisho wa bati lako pale linapochungulia ukingoni mwa paa, chora migongo, kata, nenda nacho dukani. Ukikilaza juu ya bati la plastiki na pakabaki uwazi unaopitisha kidole, usinunue. Muuzaji atakuambia litajikunja lenyewe. Halitajikunja.

Plastiki zenyewe hazifanani. Zile nyembamba za bei ya chini kabisa huwa za njano na kavu kama ganda la kitunguu baada ya miaka michache ya jua letu. Polikaboneti inadumu zaidi, ila mara nyingi upande mmoja tu ndio wenye ngao dhidi ya miale ya jua, na upande huo umeandikwa kwenye karatasi laini inayolifunika bati. Upande wenye ngao unatazama juu. Bati likigeuzwa, linaisha mapema na hakuna wa kulaumu. Weka alama kwa kalamu kabla ya kubandua karatasi hiyo, na ibandueni siku ileile ya kufunga, kwa sababu ikipigwa na jua inagandamana. Silikoni ya kusaidia kwenye maungio iwe ile isiyotoa harufu ya siki. Yenye harufu ya siki ina asidi, nayo asidi hiyo inakula zinki.

Rangi chagua ya maziwa, usichague angavu. Tanga iko nyuzi tano tu kusini mwa ikweta, jua la mchana linapita karibu na utosi mwaka mzima. Bati angavu litakuletea mraba wa jua kali sakafuni na kiza pembeni yake, na macho ya mzee yanateseka zaidi kwa mchanganyiko huo kuliko kwa kiza chenyewe. La maziwa linasambaza mwanga. Na upande uwe wa mashariki. Ulichagua magharibi, sijui kwa nini, lakini huko utapokea jua la alasiri wakati nyumba imeshachemka. Mashariki jua linaingia asubuhi, kabla joto halijakusanyika.

Ukubwa wa tundu nao una maana. Kanuni wanayoitumia wajenzi wengi wa Marekani ni kwamba dirisha la paa lisizidi asilimia 5 ya sakafu katika chumba chenye madirisha mengi, na lisizidi asilimia 15 pale penye machache. Korido yako ni mita za mraba 13 na nusu, kwa hiyo ni kati ya theluthi mbili ya mita ya mraba na mita za mraba mbili hivi. Kwa jua letu, simamia karibu na kiwango cha chini. Tundu la dari la sentimita 60 kwa 120, urefu ukifuata korido, linatosha. Bati moja la msauzi linafunika upana wa sentimita 70 hivi, pima lako. Ikibidi, mtabadilisha mabati mawili yanayofuatana ili mwanga ujae tundu lote, lakini mimi ningeanza na moja.

Hapa sasa tunafika kwenye ule ubao wa kenchi, na naomba unisikilize vizuri kuliko mahali pengine popote katika barua hii. Usiukate.

Umeandika kwamba ni mmoja tu. Ubao wa chini wa kenchi, ule unaoonekana kama umelala tu juu ya dari, ndio unaoshika miguu miwili ya paa isiachane. Uzito wa mabati na upepo wa bahari unasukuma miguu hiyo nje kila saa, na ubao ule unaivuta ndani. Ukiukata, paa halianguki siku hiyo. Linaanza kufunguka polepole, kuta za vyumba zinasukumwa kwa juu, unaona ufa kwenye kona, unapaka lipu, ufa unarudi. Na nyumba nyingi za aina yako zina kuta za zamani ambazo hazikufungwa mkanda wa zege juu. Kama tundu limeangukia kwenye kenchi, sogeza tundu. Korido ina mita tisa, nafasi kati ya kenchi na kenchi zipo. Vijiti vyembamba vya fremu ya dari vinavyoshika jipsamu unaweza kuvikata, mradi uviunganishe kwa kijiti kipya kuzunguka tundu lote. Ukipanda juu ya dari hutachanganya: kenchi ni mbao nene zinazokwenda mpaka ukutani, vijiti vya fremu ni vidogo na vimening'inia.

Sababu ya kutokutaka wewe juu ya bati haihusiani na ufundi wa mikono yako. Anayefungua simu kwa bisibisi ya kipimo cha sindano ana mikono mizuri kuliko mafundi wengi wa paa. Lakini bati la geji 30 ni jembamba, halifikishi hata nusu milimita, na limepigwa na chumvi kwa miaka mingi. Anayejua anakanyaga kwenye mstari wa misumari tu, kwa sababu chini yake kuna papi, yaani ubao unaopigiliwa mabati, na hata hivyo anatandika ubao mrefu wa kugawa uzito wake. Asiyejua anakanyaga katikati, bati linabonyea, maungio yanafunguka, na mwezi wa tano unakuta vyumba vinavuja mahali ambapo hukugusa. Hayo ni kama una bahati. Bati la plastiki halibebi mtu kabisa. Uingereza, mamlaka yao ya usalama kazini, HSE, imekuwa ikionya kwa miaka mingi kuhusu watu wanaokufa kwa kuanguka kupitia mapaa dhaifu na mabati ya mwanga, na hao wengi ni watu wa kazi za ujenzi. Wewe utakuwa juu ya mgongo wa paa, sehemu ya juu kuliko zote katika nyumba, bati moja limeshatolewa, na chini ya tundu ni jipsamu ambayo haizuii hata paka. Kisha sakafu ya saruji. Una watoto watatu.

Angalia pia waya wa TANESCO unaingilia wapi. Nyumba nyingi unashuka kwenye ukingo wa paa. Ngazi ya chuma, bati lenyewe na waya uliochubuka ni vitu visivyotakiwa kukutana, na fundi asiyeuangalia waya kabla ya kusimamisha ngazi mrudishe alikotoka.

Sasa bei. Fundi alikutajia gharama ya kufanya yote: kupanda, kukata, kujenga boksi, dari, rangi, kuja siku mbili au tatu. Mwite tena na umwambie kazi yake ni moja: kutoa bati moja la juu na kuweka hili ulilonunua wewe, lililokwisha kupimwa. Matundu ya skrubu mnaweza kuyatoboa chini, juu ya mbao mbili, kabla halijapanda. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja kwa fundi na msaidizi wake. Muulize atauweka vipi ukingo wa juu wa bati. Akisema ataulaza juu ya kofia kisha apake silikoni nyingi, mpe asante yake, tafuta mwingine. Akisema atafungua kofia, aingize chini, arudishe, huyo anajua.

Chini ni kwako. Kutoka kwenye dari hadi kwenye bati, pale chini ya mgongo wa paa, utakuta kama mita moja na nusu au zaidi. Mwanga ukiachiwa hapo unatawanyika juu ya dari na kumulika panya. Inabidi ujenge boksi linaloushusha: fremu ya mbao za inchi mbili kwa mbili, kuta za plaiwudi nyembamba au jipsamu, ndani kweupe kabisa kwa rangi isiyong'aa. Chini lipanue kidogo kuliko juu, mwanga usambae. Likae kati ya kenchi mbili bila kuzikata, na juu liache nafasi ya sentimita mbili chini ya papi uzibe kwa sponji, kwa sababu bati na boksi havitakiwi kusukumana. Ziba kila upenyo. Popo wa Tanga wanaingia penye nafasi ya kidole, na ukiwapa sanduku jeupe lenye joto hawatoki.

Kabla ya kukata jipsamu zima swichi kubwa, maana nyaya za taa ya korido zinapita hapo hapo juu. Tembea juu ya mbao za kenchi, usikanyage jipsamu. Vaa barakoa, vumbi lililolala juu ya dari tangu mwaka 2015 lina kinyesi cha popo na panya, usilivute.

Halafu mlango wa mwizi. Bati la plastiki linakatwa kwa kisu, na wewe umelijengea shimo safi mpaka ndani ya korido. Mpelekee mchomeleaji vipimo vya boksi akutengenezee grili ya nondo, uifunge kwenye mbao za boksi kwa boliti zinazopita upande wa pili. Grili hiyo ina faida nyingine: kama siku moja mtu atapanda paani kufunga dishi na kukanyaga plastiki kwa kutojua, itamdaka. Chini kabisa, usawa wa dari, weka karatasi ya plastiki ya maziwa inayonyanyuka ili usafishe vumbi na wadudu. Usiweke kioo cha kawaida juu ya vichwa vya watu.

Chupa ya jirani yako ni ya kweli. Aliyeianzisha ni fundi makenika wa mji wa Uberaba, Brazil, anaitwa Alfredo Moser, mwaka 2002, wakati nchi yao ikikatikiwa umeme. Chupa ya lita mbili ya maji yenye vifuniko viwili vya dawa ya kung'arishia nguo, sehemu yake juu ya bati na sehemu ndani, inaupinda mwanga wa jua na kuutupa chumbani kama balbu ya wati 40 hadi 60. Imefika nchi nyingi, kwenye nyumba zisizo na dari. Yako ina dari na nafasi ya mita moja na nusu juu yake, kwa hiyo chupa ingemulika mbao za kenchi tu.

Lakini kama mikono inakuwasha na huwezi kukaa mpaka kiangazi, nenda jiko la uani. Kama paa lake ni fupi, unalifikia ukiwa umesimama kwenye ngazi bila kupanda juu ya bati. Badilisha bati moja huko kwa la mwanga, mbali na meko ili moshi na moto visilifikie. Utajifunza skrubu inavyokazwa, maungio yanavyolala, na masika yatakuonyesha kama umepatia. Ukivujisha, umevujisha juu ya masufuria.

Paa la nyumba lifunguliwe Januari au Februari, ndiyo miezi mikavu zaidi huko kwenu. Anzeni asubuhi na mapema bati likiwa bado la baridi, lakini umande ukiwa umekauka. Ngazi isimame mguu wake ukiwa mbali na ukuta kwa robo ya urefu, na ipite ukingo wa paa kwa mita moja ili fundi apate pa kushika. Shemeji akiruhusiwa na dada yake, hapo ndipo pa kumtumia, chini, ashike.

Jambo la mwisho nimeliona kwa sababu umeandika "aliyotuachia". Kama mna ndugu wengine katika urithi huo, wapigie simu kabla ya kutoa bati. Ni maneno ya dakika tano sasa, na yatakuepusha na maneno ya miaka siku dari litakapoonyesha doa.

Mvua kubwa ya kwanza baada ya kazi, panda juu ya dari na tochi uangalie pande mbili: pale mkia wa plastiki unapolalia bati la chini, na ubavu ulioingia chini ya jirani. Unyevu ukionekana hapo mwite fundi kabla hujamlipa salio lake, kwa hiyo salio usilimalize mpaka mvua hiyo inyeshe.

Wako, Mjomba